Mikono Nyuma ya Picha

Nilikwenda Brussels kusomea ufamasia. Baadhi ya ndugu zangu kule Lubumbashi bado wanaamini kwamba ndicho nilichosomea, na mjomba wangu mmoja, kila akinipigia simu, hunieleza kwanza jinsi magoti yanavyomuuma. Huwa namsikiliza mpaka amalize, halafu namwambia amwone daktari.

Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa wa mvua. Kwetu mvua huja kwa kishindo, ikapiga mabati, ikaondoka. Ile ya Brussels ilikuja ikakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Alasiri moja nilikuwa nimelowa hadi soksi, nikaingia kwenye jumba la makumbusho kwa sababu tu niliona watu wakitoka wakiwa wamekauka. Nilitembea chumba hadi chumba nikifuata joto. Mwishoni nikafika chumba chenye mwanga hafifu, ambamo picha moja iliyochorwa juu ya kitambaa ilikuwa imening'inizwa ukutani, imezungushiwa hariri iliyochakaa. Katikati ya picha ile aliketi mwanamke wa kijani juu ya ua. Uso wake ulikuwa wa kijani, na mikono yake, na shingo yake. Mguu wa kushoto alikuwa ameukunja, lakini wa kulia alikuwa ameushusha, vidole vikikanyaga ua jingine dogo.

Nikaketi kwenye benchi. Nilikuwa sijaongea na mtu tangu nilipoamka. Nilimtazama yule mwanamke mpaka chumba kikaanza kuelea polepole, nikawa sijui kama niko macho au nasinzia, na wazo likanijia: huyu hapumziki. Kuna mtu amemwita, naye amesikia, na sasa hivi atainuka. Mlinzi aliponigusa bega kunijulisha kwamba wanafunga, koti langu lilikuwa limekauka.

Baadaye vitabu viliniambia kwamba yule mwanamke ni mtakatifu wa Wabudha wa Tibet, kwamba jina lake kwa Kitibeti lina maana ya Mwenye Kuokoa, na kwamba wachoraji huushusha ule mguu makusudi, ili aonekane yu tayari kwenda. Nilifurahi kuyasoma hayo, ila hayakuwa mageni kwangu.

Mwaka uliofuata nikahamia historia ya sanaa. Mhadhiri aliyepangiwa kunisimamia alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kusafisha miwani yake kwa tai.

"Bila shaka utaandika kuhusu vinyago vya Kongo," aliniambia.

"Hapana. Nataka sanaa ya Tibet."

Akasafisha miwani, akaivaa, akanitazama. "Kwa nini Tibet?"

Nilitaka kumwambia kwamba nimekulia katika mji wa migodi, na kwamba kinyago cha kwanza nilichokiona maishani nilikiona hapahapa Ubelgiji, nyuma ya kioo. Aliyekaa nami darasani, msichana Mbelgiji kutoka Ghent, alikuwa anataka kusomea vinyago vya Kongo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Nililiona hilo. Sikukasirika sana, nililiweka mahali fulani ndani yangu, nikaendelea.

Lakini yule mhadhiri hakuwa na kinyongo. Ni yeye aliyenielekeza Evere, pembezoni mwa jiji, kwa mzee mmoja aliyefundisha Kitibeti nyumbani kwake. Nilipanda basi, nikashuka kwenye mtaa wa nyumba za matofali zilizofanana, nikabonyeza kengele. Mlango ulifunguliwa na Mbelgiji Mflamandi, mrefu, mabega yameinama, sweta limechanika kiwiko. Alinitazama kidogo tu, akaniuliza kwa Kifaransa nimetoka wapi. Nikamjibu.

"Lubumbashi!" alisema. "Bon, ingia, mutoto. Inje kuko baridi sana. Unakunywa kahawa?"

Nilibaki nimesimama kizingitini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni kwetu, chenye lafudhi ya shangazi zangu, na kilikuwa kikitoka kwenye uso ule mweupe wenye nyusi za mvi. Alikuwa padri. Ujana wake wote aliutumia katika misheni za Katanga, kisha wakubwa wake wakampeleka India kufundisha katika shule ya wakimbizi wa Kitibeti, naye akarudi na lugha yao. Tangu siku hiyo nilimwita mon père, baba yangu, kama tunavyowaita mapadri kwetu, na yeye aliniita mutoto hata nilipoanza kuota mvi.

Kitibeti nilikisoma kwa Kiswahili. Nadhani si wengi wanaoweza kusema hivyo. Herufi za Kitibeti hupandiana, moja juu ya nyingine kama sufuria kabatini, na nyingine hazitamkwi kabisa. Padri aliweka kidole chake kinene juu ya herufi moja.

"Hii haisemwi," alisema. "Lakini iko."

"Sasa sababu ya nini wanaiandika, mon père?"

"Zamani walikuwa wanaisema. Sauti ilienda, herufi ikabakia. Alors, soma tena."

Nikasoma tena. Nje giza la majira ya baridi lilishuka mapema, mabasi yakapita na madirisha yao ya manjano, na pale mezani, kati ya vikombe, tulikuwa tukitamka majina ya milima ambayo mimi sikuwahi kuiona. Mpaka leo nikisoma andiko la Kitibeti, maneno hunijia kwanza kwa Kiswahili, mlima, maji, moyo, ndipo niyapeleke kwenye Kifaransa yaandikwe.

Mama ndiye aliyepata taabu. Yeye ni Mkatoliki wa kuamka na rozari na kulala nayo.

"Donc unajifunza masanamu ya batu ba wapi?" aliniuliza kwenye simu.

"Ba Tibet, maman. Juu kule, kwenye milima, karibu na India."

"Na bale batu, banamujua Mungu?"

"Wana njia yao."

Nilisikia jogoo wa jirani, na redio. Kisha akasema nivae vizuri nisije nikashikwa na kifua, akakata simu.

Kilichomlainisha hakikuwa maneno yangu, kilikuwa jiwe. Nilipoajiriwa katika makumbusho yaleyale, nilianza kufanya kazi na mwanamke aliyetengeneza picha zilizoharibika, Mflamandi wa rika langu asiyependa maneno mengi. Siku moja aliniita kwenye darubini yake nitazame punje ya rangi iliyodondoka kutoka kwenye picha ya yule mwanamke wa kijani. Niliona kitu kama kioo kidogo cha kijani, chenye mawimbi ndani yake.

"Malakiti," alisema. "Wanalisaga jiwe, wanachanganya na gundi ya ngozi."

Niliondoa jicho kwenye darubini. Nyumbani kwetu, juu ya redio, kulikuwa na bonge la malakiti ambalo baba alipewa na wenzake mgodini. Nililifuta vumbi kila Jumamosi ya utoto wangu. Nililijua kwa vidole kabla sijajua kusoma. Nikaona kwamba alasiri ile ya mvua, kabla ya mguu ule na kabla ya wazo lolote, pengine ni ile rangi iliyonikalisha kwenye benchi.

Jioni nikampigia mama.

"Jiwe yetu?" alisema. "Ile ya juu ya redio?"

"Ileile, maman."

"Kumbe! Ni siye tuliwapatia?"

"Hapana, wako nayo ya kwao, kwenye milima yao."

"Basi Mungu aliipanda fasi mbili, kwetu na kwao," alisema, na tangu hapo hakuniuliza tena kuhusu masanamu.

Miaka ilipita kwa namna inayopita ghalani mwa makumbusho, zinakohifadhiwa picha, bila kelele. Picha za namna ile huitwa thangka, nazo hukunjwa kama mkeka, kwa hiyo maisha yangu yamekuwa ya kukunjua. Unafungua polepole, sentimita baada ya sentimita: kwanza mawingu, halafu vilele vya theluji, halafu paji la uso, halafu macho yanayokutazama. Nimeandika makala kuhusu namna mawingu yanavyochorwa katika eneo moja na eneo jingine. Mara nyingine nilitoka ghalani nikiwa nimelewa rangi, nikapanda tramu ya kwenda Laeken ninakoishi, na mawingu halisi juu ya paa za nyumba yakaonekana yamechorwa na mtu mvivu.

Kisha ikaja picha nyeusi. Familia moja iliitoa kwetu baada ya kumzika baba yao, aliyeinunua safarini zamani, na hawakujua chochote zaidi. Ilikuwa imefunikwa na masizi ya taa za siagi ambazo waumini huziwasha mbele ya picha, tabaka juu ya tabaka, kiasi kwamba ulimwona aliyeketi ndani yake kama unavyomwona mtu aliye upande wa pili wa moto. Hatukujua hata ni nani.

Mwenzangu wa darubini alitaka kuiosha. Mimi nilisita.

"Masizi yale ni sala," nilimwambia. "Kila taa iliwashwa na mtu aliyekuwa na shida."

"Na chini ya sala kuna picha," alijibu. "Mchoraji naye alikuwa mtu."

Alikuwa na haki, nami nilikuwa na haki, na tulibishana kwa heshima majira yote ya vuli. Hatimaye tukakubaliana kuanza nyuma, mahali ambapo mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alikuwa amebandika kitambaa kizito cha pamba. Alilainisha gundi kwa mvuke, akakibandua kwa kijiti, mimi nimemshikia taa. Zikatokea herufi tatu, moja nyuma ya paji la uso, moja nyuma ya koo, moja nyuma ya moyo. Hizo nilizitarajia, huandikwa ili picha ipate uhai. Kisha, chini ya herufi, viganja viwili vya rangi ya udongo mwekundu, vidole vimetanuliwa.

Ni desturi. Mwalimu mkuu wa dini huibariki picha kwa kuacha alama ya mikono yake. Nilikuwa nimesoma juu yake mara nyingi. Lakini mikono hii ilikuwa midogo. Niliweka kiganja changu juu yake, bila kugusa, na chake kikapotea chote chini ya changu. Alikuwa mtoto, labda mmoja wa wale ambao hutambuliwa wakiwa wadogo kuwa walimu waliozaliwa upya. Kidole kimoja kilikuwa kimeteleza, kikaacha mkia wa rangi.

"Alitikisika," alisema mwenzangu kwa sauti ya chini.

Kisha yeye mwenyewe akazima taa na kusema, "Basi. Nikiosha mbele, maji yatapenya mpaka huku. Yatamfuta." Na ubishi wetu ukaishia hapo.

Jumapili nilikwenda Evere. Padri wakati huo alikuwa hatoki tena, na macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga tu, bila maumbo. Nilimsimulia yote. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Mikono ni midogo namna gani?" aliuliza.

Nikamshika mkono, nikauchora mkono wa mtoto ndani ya kiganja chake kwa ncha ya kidole changu, kidole kwa kidole, pamoja na ule uliokuwa umeteleza. Alifumba kiganja polepole, kama mtu aliyepewa ndege.

"Huyu walimuondoa kwa mama yake mapema," alisema. "Kule India nilikuwa na bale batoto. Muchana baliketi kama bafalme. Mangaribi balilia." Akatabasamu kidogo. "Niliwapa biskuti."

Alifariki kabla majani hayajarudi. Tulimzika asubuhi ya ukungu, Wakongo, Waflamandi na Watibeti wachache waliokuja kwa treni kutoka Antwerp na kumwekea mitandio myeupe juu ya jeneza. Kanisani watu wa Katanga waliimba kwa Kiswahili. Sikulia pale. Nililia ghalani, wiki iliyofuata, nilipokutana na neno gumu na nikajikuta nimeinua simu kumuuliza.

Picha nyeusi tuliiacha nyeusi. Tuliisimamisha katikati ya chumba kati ya vioo viwili, ili mgeni aweze kuizunguka. Mama alikuja kunitembelea majira hayo ya joto, nikampeleka kuiona. Upande wa mbele hakukaa. Alipofika nyuma, alisimama.

"Mutoto?" aliuliza.

"Mutoto, maman."

Akainama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaweka ukungu juu yake. Akaufuta ukungu kwa kona ya kitenge chake, kwa uangalifu, kama anayefuta uso wa mtu. Mlinzi alitaka kusogea. Nikamwonyesha ishara amwache.

"Mikono haikunawa," mama alisema hatimaye, akacheka, na macho yake yalikuwa na maji.

Tulitoka jioni kukiwa bado kweupe, maana majira ya joto huku jua husahau kwenda kulala. Ndani ya tramu aliegemea bega langu akasinzia, mkoba wake mapajani. Kituo chetu kikafika, milango ikafunguka, hewa yenye harufu ya nyasi zilizokatwa ikaingia. Sikumwamsha. Milango ikajifunga, tukaendelea na safari.