Kiti cha Mzee Ndahani

Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa mkaguzi wa shule, na katika miaka hiyo yote walimu wa wilaya nzima walijua kwamba neno "nasikia" halikubaliki mbele yangu. Mwalimu akisema, "Mzee, nasikia vitabu vimefika," nilimjibu, "Umevisikia vikisema nini?" Basi ninyi mnaonifahamu tangu wakati ule, hasa wale mlioumizwa na ulimi wangu, sogeeni karibu mfurahi, maana leo naungama: mimi, mtu wa ushahidi, niliandika kurasa arobaini na moja kumhusu mzee nisiyepata kumtia machoni, nikamwalika mbele ya hadhara, nikamwandalia kiti chenye jina lake, na juu ya meza nikamwekea maji ya chupa.

Chanzo kilikuwa chema. Nilipostaafu tulihamia Haneti, nyumbani kwao mke wangu, nikakuta kijiji kizima hakina mahali pa kusomea kitabu. Palikuwa na chumba kimoja kitupu, ghala la zamani la ushirika, na nikaiomba serikali ya kijiji inipe nikifanye maktaba. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Chumba tutakupa, Mzee Mkaguzi, lakini tuletee cheti cha kazi hiyo, kwa sababu kuna mwenzako anakitaka kwa duka la pembejeo, naye anasema wewe utaweka mahindi yako humo." Nikaona maneno yake ni ya haki. Hivyo, nikiwa na umri wa miaka sitini na sita, nilijiandikisha kusoma ukutubi katika chuo kimoja cha Dodoma mjini, darasa la mwisho wa juma, miongoni mwa vijana walioniita Babu na kunipisha kiti cha mbele (masikio yangu hayana tatizo lolote, lakini kiti nilikipokea).

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Zaituni, binti wa Kondoa, rika la kitinda mimba wangu, ambaye kila Jumamosi aliniamkia "Shikamoo mzee" kwa kupinda goti, kisha akaichana kazi yangu bila huruma. Kazi yake kubwa kwetu ilikuwa hii: kila mmoja achague jamii ya taarifa, yaani kundi la watu wanaounganishwa na haja ya kujua jambo fulani, aende akachunguze wanalijuaje, wanamwamini nani, na wanapashanaje habari. "Chagueni watu ambao mtakubali wawafundishe," alituambia. Mmoja akachagua waendesha bodaboda, mwingine wakulima wa zabibu, binti mmoja akachagua wajawazito wa zahanati ya kwao. Mimi nikachagua wanawake wa Haneti wanaochuma mlenda porini, ile mboga yetu ya kuteleza ambayo ugali wa uwele haushuki bila hiyo.

Niwaambie ukweli wa uchaguzi huo, kwa kuwa ndipo nilipojikwaa. Sikuwachagua ili wanifundishe. Niliwachagua kwanza kwa uvivu, maana walikuwa kumi na mmoja tu, na kiongozi wao alikuwa Dorika, mdogo wake mke wangu. Na pili kwa kiburi, maana niliamini kwamba wanawake wale wanaishi kwa tetesi, na nilitaka kuzianika tetesi zao darasani kama daktari anavyoonyesha kidonda.

Sasa, Dorika ni shemeji yangu, na kwa desturi shemeji ni mtani. Siku ya kwanza nilipofika na mkoba wangu nikakuta wamelaza jembe njiani.

"Hapapitwi!" akasema Dorika. "Mzee mwenye miguu kama ya korongo anataka nini kwa wake za watu? Toa ugoro kwanza."

Nilichotakiwa kufanya kinajulikana hata kwa mtoto: nimtukane kidogo, anitukane zaidi, nitoe kitu chochote cha mkononi, jembe liondolewe, tucheke. Badala yake niliinua mkono kama niliyeingia darasa lenye kelele, nikasema, "Jamani, leo hakuna utani. Leo ni utafiti. Na sitaki tetesi, nataka taarifa."

Dorika akaliokota jembe lake polepole. "Sawa, shemeji," akasema. "Utafiti." Alilisema kwa unyenyekevu ambao mtu mwenye akili angeukimbia.

Kesho yake nilikaa kwenye baraza ya ofisi ya kata, nikawaita mmoja mmoja ili mmoja asimfundishe mwingine la kusema (kumbe walikuwa wamekwisha kufundishana usiku uliotangulia), na kila mmoja akaweka saini au dole gumba chini ya dodoso lake.

"Unajuaje mboga imeota upande gani?" nikamwuliza wa kwanza.

"Anatutangulia Mzee Ndahani. Anaposimama, nasi tunasimama."

"Mzee Ndahani ni nani?"

"Hee, humjui? Mzee mwenye mvi. Hapendi maneno mengi."

Wa pili naye akamtaja Mzee Ndahani. Wa tatu akasema mzee huyo hazungumzi na mtu kabla hajala. Wa nne akaapa kwamba aliwahi kuwa na wake watatu na wote wakamkimbia kwa ukaidi wake. Wa tano, bibi mmoja mwenye uso wa ibada, akafuta machozi akisema bila mzee yule watoto wa Haneti wangelala njaa. Hadi jioni wanawake tisa kati ya kumi na mmoja walikuwa wamemtaja, na wawili waliobaki walikuwa wameshindwa kuongea kwa sababu ya kikohozi. Nami nikajiambia hivi: neno la mtu mmoja ni tetesi, lakini maneno ya watu tisa, waliohojiwa kila mmoja peke yake, yenye saini na madole gumba, huo ni ushahidi. Ndugu zangu, nililiamini dole gumba kuliko macho yangu.

Siku ya tatu Dorika alinijia mwenyewe. "Shemeji, kesho alfajiri tunaingia porini. Twende ukamwone Mzee Ndahani." Nikatazama nje, mvua ilikuwa imenyesha, njia ni tope tupu, na viatu vyangu vilikuwa vimepigwa rangi. Nikamjibu, "Haina haja. Nina saini tisa." Akanitazama kwa muda, kama mtu anayemtupia kamba aliyetumbukia kisimani na kuona anaikataa. "Haya," akasema, akaondoka. Ule uamuzi mdogo, wa kuokoa viatu, ndio uliozaa yote yaliyofuata.

Nikaandika. Nilimwita Mzee Ndahani "mlango ambao taarifa zote za jamii hii hupitia", nikachora na mchoro, yeye katikati na mishale ikimtoka pande zote. Mwalimu Zaituni, ambaye hakuwahi kunisifu, alisoma akanyanyua kichwa. "Mzee, hii ni kazi. Nataka kumwona mzee huyu." Na kwa kuwa kila mwanafunzi alipaswa kuirudisha kazi yake kwa watu aliowachunguza, akaamua kwamba angekuja Haneti, na alama zangu angezitoa palepale. Mwenyekiti wa kijiji naye akasema wajumbe wake watahudhuria, wasikie, wamalize shauri la chumba siku hiyohiyo. Niliandika barua rasmi ya mwaliko, nakala kwa mtendaji, nikamkabidhi Dorika amfikishie mhusika. Aliipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi ya siku yenyewe mke wangu alikuwa akininyooshea shati. "Na kiti umemwekea?" akaniuliza.

"Nimemweka meza kuu, kati ya Mwenyekiti na Mwalimu."

"Kiti," akarudia. Kisha akaingia jikoni, na nikamsikia akikohoa kwa muda mrefu. Nikafikiri ni moshi.

Uwanja wa ofisi ya kata ulijaa. Mwalimu Zaituni aliwasalimu watu "Mbukwenyi!" kwa Kigogo cha kuazima, wakampenda papo hapo. Nilisimama nikazungumza karibu nusu saa kuhusu hekima ya Mzee Ndahani, ukimya wake, subira yake, nikaonyesha shuka jipya nililomwandalia, nikahitimisha, "Mabibi na mabwana, mzee huyu ni maktaba inayotembea." Hapo vigelegele vikasikika nyuma ya ofisi, wanawake kumi wakaingia kwa kucheza, na nyuma yao Dorika akimvuta kwa kamba punda mzee, mwenye mvi usoni, na barua yangu ya mwaliko ikining'inia shingoni mwake, nakala kwa mtendaji.

"Mzee Ndahani amefika," akatangaza Dorika. "Anaomba radhi kwa kuchelewa, alikuwa anakula."

Kwanza watu walikitazama kiti, wakamtazama punda. Kisha punda akanyanyua kichwa akalia kwa sauti ile yao ya msumeno, na hadhara nzima ikabomoka. Mwenyekiti alijishika tumbo. Mtendaji aliondoka akaegemea ukuta. Sauti moja nyuma ikasema, "Mpisheni mzee akae, si ana kiti!" na mwenye duka la pembejeo alicheka hadi wakamletea maji, tena yale ya Mzee Ndahani.

Nikapaza sauti. "Dorika! Mmetia saini uongo!"

"Shemeji, usipige kelele mbele ya mzee," akanijibu, kisha akasogea karibu na kuacha kucheka. "Chagua mwenyewe. Kama huu ni utani, cheka. Kama ni utafiti, tushtaki."

Lile chaguo lilikuwa na meno pande mbili. Nikicheka, kurasa arobaini na moja zimekufa mbele ya mwalimu aliyekuja kunipa alama na wajumbe waliokuja kunipa chumba. Nikikasirika, kurasa zitakufa vilevile, na nitakuwa nimeukana ukwe wangu hadharani. Nilimtazama Mwalimu Zaituni. Alikuwa ameshika kalamu, hacheki, ananisubiri. Nikatazama viatu vyangu, visafi kabisa, na hapo nikakumbuka nani alitaka kunipeleka porini na nani alikataa.

Nikalichukua lile shuka, nikashuka, nikamvika punda. "Shikamoo, Mzee Ndahani," nikamwambia. "Nimekuandikia kitabu kizima, na umekuja kunisahihisha kwa sauti moja." Kisha nikageuka kwa watu nikaeleza yote: jembe, ugoro niliokataa kutoa, mwaliko wa alfajiri niliokataa kwa ajili ya tope. Nilipofika kwenye viatu walicheka tena, nami safari hii nikacheka nao, na ajabu ni kwamba haikuuma.

Mwalimu Zaituni akafunga kalamu. "Mzee wangu, kazi hii ni sifuri."

"Najua, Mwalimu."

"Ila jana hukuwa na jamii ya taarifa, ulikuwa na madodoso tu. Leo nadhani unayo. Nakupa wiki tatu."

Kesho yake alfajiri nilipeleka ugoro na sukari, nikatukanwa ipasavyo, tukaingia porini. Na huko ndiko nilikoona kwa macho yangu jambo lililoniaibisha kuliko punda. Mwanamke mmoja alipofika akisema kuna mboga tele ng'ambo ya korongo, hakuna aliyenyanyua kikapu. Dorika akamwuliza, "Umeiona au umeambiwa?" "Nimeambiwa." "Na aliyekuambia, ameiona?" Hakujua. Basi hawakwenda. Uvumi wa uongo huwalia asubuhi nzima, jua likipanda wanarudi mikono mitupu. Kwa hiyo kila habari huulizwa nani kaona, lini, na kabla au baada ya mvua ya mwisho. Sehemu iliyokwisha kuchumwa, wa mbele hulaza kijiti njiani ili wa nyuma wasipoteze hatua. Jani wasilolijua huguswa kwa ncha ya ulimi na mkubwa wao kwanza, kisha wote husubiri. Watu niliowaita wa tetesi walikuwa wakizichuja tetesi kwa ukali kuliko mkaguzi yeyote, ila walifanya hivyo bila kumdhalilisha aliyezileta. Kuhusu punda, anabeba mizigo. Kuhusu mboga hajui lolote, anakula kila kitu.

Nilimwuliza mke wangu kwa nini hakunionya. "Hukuniuliza," akasema. "Mimi sikuwa kwenye orodha yako."

Niliandika upya, nikafaulu kwa alama ya kati, ambayo ninajivunia kuliko zote nilizopata ujanani. Kikao cha chumba kilipoitishwa tena, mwenye duka la pembejeo alisimama akauliza kama kijiji kweli kitamkabidhi maktaba mtu aliyemwandikia punda barua. Wajumbe wakacheka, nami nikainamisha kichwa, maana swali lilikuwa la haki. Dorika akasimama.

"Huyu tumemwona akikosa mbele yetu wote, na tumemsikia akisema amekosa," akasema. "Ninyi wengine mkikosa, huwa tunasikia kwa majirani. Mpeni ufunguo."

Wakanipa. Nimeandika haya nikiwa humo ndani, mlango ukiwa wazi, na ninamshukuru Mungu kwa wanawake kumi na mmoja walioona nafaa kufundishwa, badala ya kuniacha nipite zangu na ujinga wangu wenye saini tisa. Naapa mbele yenu kwamba sitaandika tena habari za mtu ambaye miguu yangu haijamfikia, hata kama njia ni tope hadi magotini. Na kiapo cha pili ni kifupi: yeyote kati yenu aliye na shemeji, asithubutu kumwambia kwamba leo hakuna utani.