Safari ya Guangzhou kwa Ajili ya Mikono ya Salma

Kilichonitoa Tanga katikati ya majira ya baridi ya Wachina ni mikono ya binti yangu. Salma anasomea udaktari wa meno Guangzhou, mwaka wa nne, kwa ufadhili. Alitupigia simu akasema kila asubuhi akiendesha baiskeli kwenda hospitali ya mafunzo, vidole vyake vinafika vimekufa ganzi, na mara mbili kifaa kimemponyoka mbele ya mgonjwa. Mwalimu wake alimwambia, bila ukali, kwamba ikitokea mara ya tatu atarudia mwaka. Ufadhili wake haulipii mwaka wa kurudia.

"Bora nirudi mwenyewe, Baba, kuliko kurudishwa," akasema.

Mama yake alilia siku mbili. Siku ya tatu akanifungia begi. "Nenda ukamlete."

Ijumaa alasiri nilitua salama, namshukuru Mola. Nilipokelewa na Salma pamoja na jirani yake Bi Mwanaidi, mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayenunua nguo za jumla kule soko la Shahe. Bi Mwanaidi alikuwa amenishikia koti zito.

"Shikamoo, Mwalimu. Livae kwanza, marahaba utaniambia ukishapata joto."

Nilivaa, ndipo nikaitikia. Salma aliinama kunibusu mkono, nami nikausikia wake ukiwa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Viungo vya vidole vilikuwa vimepasuka ngozi.

Jioni alinionyesha glavu zake. Ni glavu nene nyeusi zenye betri ndogo karibu na kifundo. Ukibonyeza kitufe, taa nyekundu inawaka na nyaya za ndani zinapasha vidole moto. Alizinunua Zhanxi, mtaa wa maduka ya jumla karibu na stesheni ya treni.

"Wenzangu darasani wanazo na wanazisifu," alisema. "Mimi kwangu hazifanyi kazi. Labda mwili wangu haukuumbwa kwa nchi hii."

Jumamosi alfajiri tuliswali pamoja katika chumba chake. Nyumba za huko hazina vya kupashia joto, na maji ya bomba yanauma. Siku hiyo hakuwa na zamu, lakini nilitaka kuiona njia anayopita, nikaazima baiskeli ya Bi Mwanaidi. Kabla ya kutoka Salma alitia udhu tena, maana watoto wangu wote nimewazoesha wasitoke nyumbani bila udhu. Kisha akavaa glavu, akabonyeza vitufe, tukaondoka.

Barabara ilikuwa imelowa ukungu ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Pikipiki za umeme zilitupita kimya kimya, waendeshaji wake wamejifunika vijiblanketi vilivyofungwa kwenye usukani. Mikono yangu iliuma, nikadhani ndivyo inavyowauma wote. Nusu ya safari nikaona Salma anashika usukani kwa viganja tu. Tukasimama chini ya daraja, akavua glavu. Vidole vilikuwa vyeupe kama vya mtu mwingine. Nilivikumbatia kwa mikono yangu na kuvipulizia pumzi. Nimelea watoto watano, sikuwahi kumpasha mtoto mikono. Tanga hatuna kazi hiyo.

"Baba, tiketi yangu ya kurudi nyumbani Jumanne bado ipo?"

"Ipo," nikamjibu.

Saa sita mchana tulikuwa Zhanxi. Bi Mwanaidi ndiye aliyetukokota, amekasirika kuliko sisi wenye shida, akisema tumeuziwa glavu mbovu. Tulipita katikati ya mikokoteni na marobota ya nguo mpaka kwenye kibanda cha mzee mmoja wa rika langu, mwenye kofia ya sufu na chupa ya chai.

"Laoban!" Bi Mwanaidi alimwita, yaani bosi. Akamtupia glavu mezani na maneno mengi ya Kichina.

"Mei you, mei you," akakataa mzee: hakuna kitu kama hicho. Aliziwasha, akaingiza mkono ndani, akautoa upesi na kuufuta kwenye suruali. Kisha akaigeuza glavu moja nje ndani, akakikamua kitambaa cha ndani. Tone la maji likaanguka mezani. Alisema jambo, Bi Mwanaidi akaangua kicheko.

"Anauliza, huyu binti anafulia nguo humu?"

Salma aliinamisha kichwa. "Ni maji ya udhu. Kila asubuhi natia udhu, navaa, natoka."

"Na taulo je, mama? Taulo zimeisha China?"

Salma hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Baba alitufundisha tusijifute maji ya udhu."

Ni kweli. Miaka arobaini nimefundisha hivyo madrasa, na ni jambo jema kuyaacha maji yakauke yenyewe. Lakini wanazuoni wamesema pia kwamba mwenye udhuru, kama wa baridi kali, ajifute wala hapungukiwi na kitu. Maneno hayo niliyasoma ujanani. Kila nikiyafikia darasani niliyaruka, kwa kuwa Tanga nani angeyahitaji? Nilisimama pale, mikokoteni ikinipita, nikaona haya.

"Salma, nilikufundisha nusu. Baridi ni udhuru. Jifute, mwanangu, ukaushe kila kidole. Na unisamehe."

"Baba, usiseme hivyo mbele za watu."

"Watu wenyewe Wachina, hawasikii Kiswahili."

"Na mimi je, Mwalimu?" akasema Bi Mwanaidi, huku anajifuta machozi kwa ushungi.

Alipoelezwa, yule mzee alitumiminia chai, akazining'iniza glavu mbele ya hita yake. Tulikaa naye mpaka zikakauka kabisa.

Jumatatu asubuhi mimi ndiye niliyeshika taulo. Salma alikausha mikono kidole kwa kidole, kama mtoto anayehesabu, akavaa glavu zake. Nilimfuata kwa baiskeli hadi langoni, nikakaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara nikivuta uradi, karibu na mabibi wa Kichina waliokuwa wakinyoosha viungo. Saa zilikwenda polepole. Mchana akatoka mbio.

"Nimeziba jino, Baba! Mgonjwa kasinzia!"

Nilimshika mikono. Ilikuwa na joto kuliko yangu.

Jumanne nilipanda ndege peke yangu. Mama yake alinipokea mlangoni, akachungulia nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikasema.

Tangu nirudi, nikifika kwenye mlango wa udhu kitabuni nasoma mpaka mwisho, siruki neno. Watoto hucheka wakaniuliza, "Mwalimu, baridi gani hiyo ya kujifuta, na sisi hapa tunatokwa jasho?" Nawaambia wajifunze tu, maana sijui ni yupi kati yao atakayepelekwa na Mola mbali na jua hili.