Wachumba wa Bibi

Juzi darasa letu lilipelekwa kwenye jumba la nyaraka, nikakuta barua alizoandikiwa bibi yangu zimewekwa kwenye kabati la kioo, na kibao: Usiguse. Nilicheka mpaka mwalimu akanikata jicho. Hizo barua nilishazikalia.

Nilikuwa mdogo, kwetu Kariakoo, mchana wa joto ulionuka karanga za kukaanga. Bibi alikuwa mtangazaji wa redio na kiongozi wa waliolinda mikoko, na wakata mikoko walimwandikia barua za matusi hadi zikajaza masanduku mawili. Alizisoma akicheka, nami nikaamini ni barua za wachumba.

Siku hiyo mjomba alimleta muuza karanga achukue barua hizo ziwe karatasi za kufungia karanga.

“Mama, nataka chumba niweke mzigo wa duka,” mjomba akasema.

“Mzigo kaweke kichwani kwako,” Bibi akasema, akakalia sanduku moja. Nikakalia la pili.

“We mtoto, shuka,” mjomba akaniambia.

“Sishuki. Hawa wachumba wa Bibi.”

Muuza karanga alicheka, akaenda zake mikono mitupu.

Juzi nilisoma moja pale kwenye kioo: “Nyamaza, mama, usije ukajuta.” Kumbe hakuwa mchumba. Ningeikalia vilevile.