Mtu Haachwi Hivyo

Mwanzoni kelele zetu hazikumsumbua mtu. Tulifanyia mazoezi Gisozi, kwenye chumba nyuma ya karakana za mbao za Agakiriro, na kati ya misumeno na mashine za kuchomelea, gitaa zetu hazikumfanya mtu ageuze shingo. Tulikuwa watu wazima wenye kazi za ofisini, tumepagawa na muziki wa metali kwa sababu ya bendi moja ya Ulaya. Mimi niliijua nikiwa mdogo Mwanza, kupitia fulana ya mtumba ya kaka yangu. Fulana ilitangulia, muziki ukaja baadaye. Huenda ndiyo maana sikuwahi kuvitenganisha: nguo nyeusi, mkanda wa vyuma kiunoni, na lile fuvu lao lenye matundu ya macho, likicheka kifuani.

Basi tukawaiga. Fundi jirani alitutengenezea vyuma vya mikanda huku akituuliza tunaingia dini gani. Mdundo ulibaki wa hapa, maana mpiga ngoma wetu alikulia kwenye ngoma za harusi na mikono yake ilikataa mwingine, lakini mavazi tulinakili bila haya. Tulipoalikwa kupiga onyesho letu la kwanza, kwenye ukumbi mmoja wa Kimihurura, nikashikilia kwamba lazima tuwe na makoti yenye fuvu mgongoni, tena la kutarizi kwa uzi, siyo la kuchapishwa likabanduka kwa kufuliwa.

Naishi na shangazi yangu, dada ya baba, ambaye namwita masenge kama wanavyoita hapa. Baba alikimbilia Tanzania miaka mingi kabla sijazaliwa, yeye alibaki. Mwaka wa mauaji ya kimbari alikuwa hapa hapa, na katika nyumba yake alisalia peke yake. Hilo nalijua tangu nilipoanza kujua mambo. Kila Aprili namsindikiza kwenye kumbukumbu, namshika mkono, namletea maji. Na bado nilimwekea mchoro wa fuvu mezani, kando ya kikapu chake cha nyuzi, nikamwambia, "Masenge, nisaidie kushona hii. Hakuna mkono kama wako."

Aliuvuta mchoro karibu, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Iko wangapi?"

"Wanne."

"Sawa, mwana wanjye. Acha hapo."

Sikuona kitu. Mimi nilikuwa naona bendi tu. Nikaenda zangu kazini nikipiga mluzi.

Siku chache baada ya kumletea makoti, niliyakuta yamekunjwa kitandani kwangu. Mafuvu yalikuwa mazuri kuliko ya kwenye fulana. Lakini juu ya kila moja, kuanzia kwenye paji mpaka chini ya meno, alikuwa ameshonea kitambaa chepesi cheupe kilichoning'inia kama pazia, na ukingoni ametarizi maua madogo. Nikamfuata jikoni alikokuwa anachambua maharage. Nilikuwa nimekasirika kweli. Nikamwambia kitambaa hakikuwemo kwenye mchoro.

"Mtu haachwi hivyo," akasema. "Wangu sikuwapata. Sikuwafunika. Hawa nimewafunika."

Akaendelea na maharage. Nikakaa kwenye kigoda. Nilitaka kuomba msamaha, nikaishia kumsaidia kutoa mawe. Mpaka leo sijauomba.

Ilinipasa niyafiche makoti yale. Nikayavaa. Wenzangu waliruka kwa furaha wakisema huo ndio ubunifu, na ukumbini watu walipiga picha migongo yetu zaidi ya nyuso zetu. Walipouliza maana ya kitambaa, nilisema ni mtindo wetu. Picha zikasambaa. Vijana wakaanza kushonesha makoti kama yetu, kisha maduka ya Muhima yakaingia na fulana, kofia na mikoba. Bendi ya Ulaya ilituvisha sisi, nasi tukawavisha wengine. Niliona fahari, siwezi kukana. Kumshonea kila mteja kitambaa ni kazi, kwa hiyo wenye maduka wakakiacha. Wakachapa fuvu tupu.

Juzi masenge alirudi kutoka sokoni akakaa na mfuko wake mapajani, hata viatu hakuvua. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Nimeona msichana kwa njia, kule Muhima. Kwa mgongo iko na mtu. Hajafunikwa." Akanitazama. "Ni wale wako?"

Ningeweza kusema sijui. Muhima ni kubwa, na mafuvu hayana jina.

"Ndiyo, masenge. Wametoka kwangu."

"Iko wengi?"

"Wengi."

Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira, na hasira ndiyo niliyokuwa naiombea. Kisha akafungua mfuko. Chini ya nyanya na mboga za dodo alikuwa amenunua kitambaa cheupe, jora zima.

"Basi waambie walete," akasema, akaanza kutafuta mkasi.