Mtani Aliyechelewa Kilioni

Mpaka leo nikipita mahali ambapo munkoyo unachemka, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho mama alikuwa akikipika nyuma ya nyumba yetu, husimama nikatafuta pa kukaa. Ni uzee, najua, lakini si uzee peke yake. Harufu hiyo hunirudisha Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, nyumba za matofali zimepangwa mistari kwa mistari na moshi wa tanuru unatukwaruza koo tangu asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi. Kaka yangu Bonifasi, ambaye nilimwita yaya kama ilivyo desturi kwetu, alikuwa na kumi na tisa. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kapita Mwape, msimamizi wa kambi, akaketi kwenye kibao chetu na kujimiminia munkoyo bila kukaribishwa. Hakuhitaji kukaribishwa, kwa sababu alikuwa mtani wetu.

Sisi tulitoka kaskazini, yeye alikuwa mwenyeji wa huku, na baina ya watu wake na watu wetu ulikuwapo utani wa tangu mababu. Mtani hukutukana, nawe hukasiriki. Hukuchukulia kuku wako ukacheka. Lakini siku ukifa, yeye ndiye anayeshuka kaburini kukupokea, yeye ndiye anayeigiza mwendo wako na sauti yako mbele ya waombolezaji mpaka mjane wako acheke na kukubali kula. Bila mtani, kilio hakifungwi. Kwa hiyo yaya alipokuwa akimwambia, "We Mwape, siku moja nitakuzika mi mwenyewe," kapita alijipiga paja kwa kicheko. "Utanizika na nini? Mikono yako haijue hata kushika jembe!" Jumapili za mwisho yaya aliyasema maneno hayo hayo bila kucheka. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa neno la mtani halihesabiwi kuwa neno. Uani kwetu mwuaji alitangaza kazi yake mbele ya watu wote, nasi tukamwongezea kikombe.

Wanaume wa kambi walikuwa wakikutana kwa siri, wakipanga kugoma mpaka waongezewe chakula na mshahara. Mwape aliyapeleka majina yao kwa Wazungu. Askari wakaja, wakawachukua watu watatu, na mmoja alirudi ndani ya sanduku. Ndipo wakubwa wa ule mkutano walipokata shauri kwamba kapita lazima auawe, ili mwingine asithubutu. Wao walikuwa na wake na watoto, wakasema. Bonifasi hakuwa na mke wala mtoto. Nasema haya bila utamu wowote: niliwajua wote, na wote walikufa wazee, vitandani mwao. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wazungu walipata kapita mwingine wiki ile ile.

Ilikuwa Jumatatu, alfajiri, kwenye njia ya kwenda kuitwa majina kazini. Yaya alimchoma kisu Mwape, akadandia behewa la mizigo lililokuwa likielekea kusini, Sakania, ambako mbele yake ilianza nchi ya Waingereza.

Jumanne Mwape akazikwa, na hakuna mtu wetu aliyeshuka kaburini. Mjane akafunga mdomo, hali wala hanywi. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda siku ile na siku iliyofuata, mikono magotini. Mchuma janga hula na wa kwao, nasi tulikuwa tukilila lile janga kimya kimya. Mama alikaa mlangoni.

"Ukienda batakuua," alimwambia.

"Na nisipoenda?"

Mama aliondoka mlangoni. Alhamisi baba alisimama, akavaa koti lake la misa, akanipa chungu cha munkoyo nibebe. Tulipita mistari yote ya kambi na watu wakatuangalia bila salamu. Penye kilio baba alipiga magoti. "Mi mutani wenu. Nilichelewa. Munisamehe." Kijana mmoja akainua fimbo. Mjane akasema, kwa sauti iliyokauka, "Mumuache. Ile njo kazi yake."

Baba akainuka, akatanguliza tumbo, akatembea kama Mwape. Akashika kikombe kama Mwape, akasonya kama Mwape. "Mama Boni, hii munkoyo yako iko mayi tupu!" Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni. Mjane alicheka mara moja, kicheko kama kikohozi, kisha akanyoosha mkono akanywa. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Kisha baba akafagia majivu ya moto wa kilio, na kilio kikafungwa.

Wiki haikuisha, yaya akaletwa kwa treni amefungwa, na baadaye wakamnyonga. Tuliambiwa kwamba alikamatwa kwa uzembe wake.

Nilikwenda Sakania nikiwa mtu mzima, baada ya kumzika baba. Nilishuka treni nikauliza mpaka nikampata mama Feliste, aliyempa yaya mahali pa kulala. Alinionyesha mpaka: mwendo mfupi tu, na watu walikuwa wakivuka kila siku kununua vitambaa. Yaya alifika Jumanne jioni. Angeweza kuvuka Jumatano asubuhi. Badala yake alikwenda stesheni kuwauliza watu wa treni: "Kilio ya Mwape, batani balikuya?" Jumatano wakamwambia hapana. Alhamisi, hapana.

"Nilimuambia, vuka, mutoto wangu," mama Feliste alisema. "Akaniambia, 'Baba akienda, mi niko na kwetu. Asipoenda, kule ng'ambo nitakuwa mutoto wa nani?'"

Ijumaa wakamwambia baba amefika, mjane amekunywa. Yaya akaomba maji ya kuoga ili aanze safari. Lakini askari walikwisha kusikia habari za kijana anayeuliza kilio cha kapita, wakamkuta mapovu yangali kichwani.

Siku mbili baba alikaa kitandani. Nimezipima siku hizo mbili maisha yangu yote na nimechoka. Maji yakimwagika hayazoleki. Nashukuru tu kwamba baba alikufa bila kujua.

Siku hizi Lubumbashi kilio kina hema la kukodi na vipaza sauti, na vijana wengi hawajui watani wao ni nani. Mimi bado nakwenda kila ukoo wa Mwape unapofiwa. Mwaka jana mjukuu wake alinikuta mlangoni na chungu changu, hata viti havijashushwa. "Mama, mbona unakuya mbio hivi? Hata maiti haiyafika."

Nikamwambia, "Mi mutani wenu," nikaingia kukaa.