Siku Yasembeli Ilipotia Kidole

Kijana wa ofisi ya serikali pale Lubunga, Kisangani, alipitisha kalamu juu ya orodha yake mara mbili, kisha akanitazama.

"Mama, hii Yasembeli haiko. Iko ndani ya lokalite gani?"

"Ni lokalite yenyewe, kijiji chenye shefu wake," nikamwambia.

"Bon. Sasa nitaandikaje karatasi ya kuzika mutu pahali pasipokuwako?"

Mama yangu alikuwa mochari tangu juzi. Kabla ya kukata roho aliomba neno moja tu, alazwe Yasembeli alikozaliwa, kando ya mama yake. Nikakaa kwenye benchi la ofisi, na wewe rafiki yangu nikueleze, moshi wa samaki wa kwetu ulinijia puani kama vile jiko liko mlangoni.

Yasembeli ilikuwa nusu ya njia ya mto kutoka Kisangani kwenda Yanonge. Tulikuwa na shefu wetu, baraza letu la kukata kesi, soko letu. Na tulikuwa na lokole, ngoma ya gogo zima lililochongwa tumbo. Kila kijiji kilikuwa na jina lake la ngoma. Letu lilisema "wanaokunywa mto mbele ya jirani". Mtu akifa, lokole ilitaja jina lake, kisha letu. Koko, yaani nyanya yangu mzaa mama, akiwa anatwanga ndizi za lituma, alisimamisha mchi hewani asikilize. Alizoea kusema, mtu asiye na jina la ngoma ni samaki wa kuokota.

Mimi nilichota maji, nilitwanga pondu, majani ya muhogo, niligeuza samaki juu ya moshi. Nilikuwa mwaka wa tatu shuleni, na sikuendelea sana baada ya hapo. Lakini nyumbani kwetu ni mimi peke yangu niliyejua herufi.

Asubuhi moja lokole ikatuita wote. Shefu alikuwa ameketi na sekretari kutoka mjini, magunia ya chumvi miguuni pao. Chumvi ilikuwa imepotea muda mrefu, tulikuwa tunapikia majivu ya majani ya mtoni. Sekretari akaweka mezani karatasi ya Kifaransa na wino. Hakuisoma. Shefu akasema tutie kidole, tupokee chumvi.

Koko akakataa. Watu wakasimama nyuma yake, wakimngoja yeye. Akanivuta mbele. "Wewe wa shule, inasema nini?"

Nilisoma herufi moja moja. Hata neno moja sikulielewa.

"Ama mwalimu anakula kuku wetu bure?" tonton yangu, mjomba, akatania, na watu wakacheka.

Niliona aibu. Nikasema, "Ni ya chumvi."

Koko akatia kidole. Wote wakafuata.

Karatasi ile ilisema Yasembeli imekubali kuingia katika lokalite ya jirani. Tulijua siku watu wa jirani walipokuja kupakia lokole yetu kwenye mtumbwi. Koko alisimama majini mpaka magotini. "Wanatubebea mdomo," akasema. Hakunilaumu. Lakini hakuniomba tena kusoma kitu, mpaka alipokufa bila ngoma.

Wenye kosa nitawataja. Shefu, aliyepewa kiti cha unaibu kule, akafa amenenepa. Sekretari, aliyejua kusoma akanyamaza. Mkubwa wao mjini, aliyetaka orodha fupi ya vijiji. Wa nne ninamjua kuliko wote. Soko lilikufa, kisha vita vikakimbiza waliobaki, na wa nyumba yetu nimebaki mimi.

Yule kijana wa ofisi alinituma kwa shefu wa jirani kuomba ruhusa ya kuzika. Nilikwenda. "Makaburi ya hapa ni ya watu wa hapa, mama," akaniambia. "Nyinyi mulikuwa wa nani?" Lokole yetu iko nyuma ya jiko lake, imepasuka, kuku wanatagia ndani.

Nikarudi Lubunga. Kijana akaandika karatasi ya kuzika, akanisogezea. Ni mtoto mwenye heshima. "Usome kwanza, mama, ndiyo utie sahihi."

Nilisoma herufi moja moja, kama siku ile, na safari hii nilielewa yote. Amezaliwa Kisangani. Atazikwa Kisangani.

Nikaomba wino, nikatia kidole.