Makongoro ya Mzazi

Siku ya tatu baada ya mke wangu kujifungua, maziwa yalikuwa bado yanatoka kwa matone, na binti yetu alikuwa analia kama aliyedhulumiwa urithi. Nesi alituambia tuendelee kumweka kwenye ziwa, yatakuja. Mke wangu alikuwa anamweka, kisha analia naye.

Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimelewa furaha. Nilikuwa baba! Nilimwambia kinyozi, nikamwambia muuza samaki, nikamwambia hata mtu aliyesimamisha baiskeli kuniuliza njia ya stendi.

Kwa desturi yetu, mama mkwe ndiye angekuja kumlea mzazi mpaka arobaini. Lakini yeye alikuwa kwake Maramba, goti limevimba, hapandi gari. Akanipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kupika unajua?"

"Najua, mama," nikajibu. Uongo mtupu. Najua chai.

"Basi mtengenezee mwenzio supu. Chukua makongoro mawili, uyachemshe tangu asubuhi mpaka nyama iuachie mfupa yenyewe. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga usiionee huruma. Ndimu usitie, mzazi hapewi vitu vikali vya ndimu. Akinywa hiyo na moyo ukitulia, maziwa yatashuka."

Nikaenda bucha, ile miguu ya ng'ombe ikapasuliwa kwa shoka, nikawasha mkaa uani. Kufika adhuhuri mtaa wetu mzima wa Ngamiani ulijua nyumba gani inapika nini.

Sasa, kwetu hupiki mbele ya mtu bila kumkaribisha. Naye, kwa adabu ileile, anakujibu, "Ahsante, nimetoka kula sasa hivi," hata kama tumbo linanguruma. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tunavyoishi bila kumaliziana vyakula. Nikamkaribisha fundi baiskeli wa jirani. Akasema, "Ahsante," akavuta kigoda, akakaa.

Nikashtuka, lakini neno limeshatoka, nitalirudishaje? Nikamchotea. Akanywa, akafumba macho, akasema tangu azaliwe hajaonja supu ya namna ile. Jamani, sifa tamu. Akaja shangazi yangu na wenzake wawili kumtazama mzazi, nao nikawakaribisha, safari hii kwa sauti kubwa. "Mashallah, mwanamume huyu," wakasema, na mimi na upawa wangu tukawa tunacheka ovyo. Nadhani hata paka alipata chake.

Ndipo mke wangu akaita kutoka chumbani, "Supu yangu bado?"

Nikainama kwenye sufuria. Mifupa ilikuwa inaniangalia. Nikaenda mlangoni nikamweleza, na yule mwanamke, macho mekundu, mtoto analia kifuani, akaniambia kwa upole, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Halafu akageukia ukutani. Furaha yote ikanishuka miguuni. Nilijiona hayawani.

Sikujua la kufanya ila kuanza upya. Mifupa nikaipasua kwa mchi mpaka uboho ukaonekana, nikaongeza maji, tangawizi na mkaa. Shangazi alipotambua alichokunywa ni haki ya nani, aliona haya mpaka akakosa pa kuweka mikono. Akajifunga kanga kiunoni, akakaa mlangoni na kila aliyekuja akamwambia mzazi amelala, na mpishi naye amelala.

Ikachemka mpaka alasiri. Ile ya kwanza ilikuwa maji ya kunawia mbele ya hii. Ilikuwa nyeupe, nzito, ukiionja midomo inagandana. Nikampelekea bakuli kwa mikono miwili. Akalimaliza. Akaomba la pili. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, akanitazama pale nilipokaa sakafuni, masizi mpaka masikioni, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo. Nikacheka na mimi, sijui kwa nini.

Akamweka mtoto tena. Mtoto akanyonya, akaacha, akalalamika, akarudi. Mimi nilikuwa bado nacheka.

"Nyamaza," mke wangu akasema. "Sikiliza. Anameza."

Nikasogea. Kweli, koo dogo lile lilikuwa linapiga gu, gu, gu, na maziwa yanamtiririka shavuni. Nesi atasema ni kunyonyesha, mama mkwe atasema ni pilipili manga, wabishane wenyewe. Mimi nililia kwa sauti, mwanamume mzima, na binti yangu hakugeuka hata kunitazama.